Mlanguzi Kwenye Rafu ya Watoto

Wakusanyaji wa vigari vya kuchezea kwa kawaida ni watu wapole. Wengi ni watu wazima wenye kazi na familia, na ukiwakuta wamekaa pamoja utawasikia wakizungumza juu ya rangi, magurudumu na miaka ya kutengenezwa, kwa sauti ya chini kama watu waliomo maktabani. Lakini liko neno moja ambalo likitajwa tu upole huo hutoweka. Neno lenyewe ni faida. Je, ni halali mtu kununua dukani, kwa bei ya dukani, vigari vilivyotengenezwa kwa idadi ndogo, kisha jioni ya siku hiyohiyo akawauzia wenzake kwa bei ya mara ishirini au thelathini? Wapo wasemao kwamba hiyo ni biashara kama biashara nyingine. Wapo wasemao kwamba ni unyang'anyi wenye risiti. Nimeusikiliza ugomvi huu kwa miaka mingi, nami nina upande. Sitajifanya mwamuzi.

Msomaji ambaye hajapata kuingia katika ulimwengu huu huenda akashangaa kwamba watu wenye ndevu wanagombania vitu vya watoto. Kwa ajili yake nieleze kwanza kisa kilivyo. Kampuni ya Mattel ya Marekani ilianza kuuza vigari vya Hot Wheels mwaka 1968. Ni vigari vidogo vya chuma, vya kuenea katika kiganja cha mtoto, na kwa miaka mingi bei ya kimoja katika maduka ya Marekani imekuwa karibu na dola moja. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilibuni jambo jipya. Ilichagua vigari vya aina 12, ikatengeneza 10,000 tu vya kila aina, ikaviita Treasure Hunt, yaani msako wa hazina, kisha ikavichanganya na vile vya kawaida. Tangu mwaka 2007 likaongezwa daraja la juu zaidi, la vigari vyenye rangi ya kumetameta na matairi ya mpira halisi. Bei ya dukani haikubadilika. Mtoto aliyefuatana na mama yake kununua sukari na sabuni aliweza, kwa bahati yake, kutoka na hazina mfukoni kwa dola ileile moja.

Wazo hilo lilikuwa zuri, na ningependa lisifiwe kabla sijasema yaliyolipata. Halikuhitaji mtu awe tajiri wala awe na jamaa kiwandani. Lilihitaji macho na bahati, na katika mambo hayo mawili watoto hawashindwi na wazee.

Sasa tazama lilivyogeuzwa. Katoni la vigari hivi linaloletwa katika maduka ya Marekani huwa na vigari 72. Mlanguzi haji dukani kama waja wengine. Anajua siku ya mzigo, na amejuana na kijana anayepanga bidhaa usiku. Katoni likifunguliwa, yeye ndiye wa kwanza kulichambua. Hutoa chenye alama, hutoa na vingine viwili vitatu ambavyo wakusanyaji wanavitaka msimu huo, na vinavyobaki huvitundika vizuri kwenye vyango. Asubuhi rafu inaonekana imejaa. Mtoto hajui kwamba anachagua kutoka katika makapi. Jioni kile cha dola moja kinatajiwa dola thelathini au hamsini, na anayetajiwa ni mkusanyaji mwenziwe.

Lugha yetu ina bahati ya kuwa na maneno mawili mahali ambapo wengine wanahangaika na moja. Tuna mchuuzi na tuna mlanguzi. Mchuuzi wa samaki huamka alfajiri, akaenda pwani, akanunua kwa mvuvi, akafunga tenga lake nyuma ya baiskeli na kupanda nalo milima hadi kijiji kisichoiona bahari. Anauza kwa bei kubwa kuliko ya pwani, wala hakuna anayemlaumu, maana ameongeza safari, ameongeza jasho, na ameibeba hatari ya samaki kumwozea njiani. Mlanguzi naye anasimama palepale pwani. Ananunua samaki wote kabla hujafika, kisha anakugeukia wewe uliyesimama hatua tatu nyuma yake, akakutajia bei mpya. Kitu alichokiongeza ni kukosa kwako.

Hapo ndipo nilipo, na naomba nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa faida. Ninacho nyumbani kigari kimoja ninachokipenda kuliko vyote: Volkswagen nyekundu ya Corgi, iliyotolewa mwaka 1965 kwa heshima ya mashindano ya magari ya East African Safari, mashindano ambayo Volkswagen halisi iliyashinda mwaka 1962. Kigari hicho kilitoka Swansea, Wales, na ndani ya boksi lake alikuwamo kifaru mdogo. Waingereza walidhani, bila shaka, kwamba kifaru ndiye askari wetu wa barabarani. Nilikinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa na meza katika soko la vitu vya kale huko Uingereza, na nilimlipa pesa ambazo mke wangu hadi leo hajaambiwa jumla yake. Yule mzee alipata faida, tena nzuri. Lakini alikuwa amekikuta kigari kile ndani ya boksi la takataka, kimekosa matairi mawili; akayatafuta matairi ya umri uleule, akakisafisha, na kifaru akampata mahali pengine baada ya muda mrefu. Asingekuwepo yeye, kigari kile kingekwenda jalalani. Nilipomlipa nililipia macho yake, subira yake na elimu yake, na kama angeongeza bei kidogo ningenung'unika na kulipa.

Kwa hiyo swali la kumpima muuzaji si kwamba amepata faida kiasi gani. Swali ni kwamba kitu kilikuwa wapi kabla hajakigusa, na kingekwenda wapi kama asingekigusa. Cha yule mzee kilikuwa kinakwenda jalalani. Cha mlanguzi kilikuwa kinakwenda kwa mtoto.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana si haki kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Hoja ya kwanza ni ya kuamka mapema. Wanasema: mimi nimedamka, wewe umelala, biashara asubuhi. Methali hiyo naijua, na mwisho wake naujua pia, kwamba jioni ni hesabu. Tuifanye hesabu basi. Kama mashindano ni ya kuamka, mtoto wa miaka minane hawezi kuyashinda, kwa sababu saa ambayo katoni hufunguliwa yeye yuko kitandani kwa amri ya mama yake. Mashindano ambayo aliyeandaliwa kitu amekatazwa kuingia si mashindano. Isitoshe, mwenye kujuana na mpanga bidhaa hakuamka mapema. Ameingia kwa mlango wa nyuma.

Hoja ya pili ni ya soko huria. Wanasema: bei ni makubaliano ya anayeuza na anayenunua, na hakuna aliyeshikiwa bunduki. Ni kweli. Ila soko wanalolisifu lilikuwapo kabla yao. Muuza duka alitaja dola moja, mnunuzi akawa radhi na dola moja, makubaliano yalikuwa tayari. Mlanguzi hakulianzisha soko. Ameingia katikati ya soko lililokuwa linakwenda, akalikata kama mtu anayeziba mfereji wa jirani kisha akamuuzia maji kwa ndoo.

Hoja ya tatu hunikera zaidi: kwamba hivi ni vitu vya kuchezea tu, kwa nini tupandishe sauti? Anayesema hivyo ni yuleyule anayekitajia dola hamsini. Kikiwa mkononi mwake ni rasilimali. Kikililiwa na mtoto kimekuwa kitu cha kuchezea tu. Na achague moja.

Hoja ya nne nailetea heshima, kwa kuwa ina watu ndani yake. Mwenzetu mmoja tuliyemkemea kwa jambo hili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Kaka, unaniambia habari za watoto. Mimi ninao watatu, na ada ya shule hainisubiri." Tulinyamaza sote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi wengine tuliokuwa pale tulikuwa tumeshiba. Siwezi kumwita mtu huyo mwizi, wala sitaki aitwe hivyo mbele yangu.

Lakini shida ya mtu haibadilishi sura ya kazi anayoifanya. Tena ipo njia nyingine ya riziki katika uwanja huuhuu. Wako wakusanyaji wa Dar es Salaam na wa Mombasa ambao hawawezi kupata vigari fulani kwa kuwa haviletwi katika miji yao. Mtu akisafiri mpaka Dubai, akanunua makatoni bila kuyachambua, akalipa nauli na ushuru, akayafungua mbele yetu na kutuuzia kwa bei itakayomrudishia gharama na kumlipia ada, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama mlangoni kwake. Huyo ni mchuuzi, amepanda milima na tenga lake. Mwingine anaweza kuwa fundi wa kurudisha rangi na ekseli za vigari vilivyochakaa. Kazi hiyo ina wateja. Tulimwambia hayo yule ndugu. Hakutujibu siku ile, na hiyo ni haki yake.

Hoja ya tano ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kwamba mwenye kosa ni kiwanda. Wazee wa Tanzania wataielewa upesi, kwa sababu neno ulanguzi kwao si neno la kamusi. Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walikamatwa, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa uvunguni. Nia ilikuwa njema na wananchi wengi waliiunga mkono. Hata hivyo rafu za maduka zilianza kujaa baada ya mwaka 1984, waliporuhusiwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Funzo lake ni kwamba mlanguzi huota penye uhaba kama uyoga unavyoota penye unyevu. Ukimng'oa mmoja na unyevu ukabaki, kesho ataota mwingine.

Nakubali, na naongeza. Uhaba wa wakati ule ulitokana na vita, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni. Uhaba wa vigari umepangwa mezani na watu waliovaa tai. Ilipotimiza miaka 50, mwaka 2018, Hot Wheels ilijisifu kwamba imekwisha kutengeneza vigari zaidi ya bilioni 6. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kusema kimepungukiwa chuma au rangi. Kinatengeneza vichache kwa sababu uchache huwatia watu wazima wazimu, na mtu mzima mwenye wazimu hununua vingi kuliko mtoto mwenye furaha. Kwa hiyo lawama ya kiwanda ipo, naiandika hapa kwa wino mzito. Ila mwenye nyumba aliyeacha mlango wazi hamsafishi aliyeingia. Wawili wakikosa, makosa hayagawanywi nusu kwa nusu. Kila mmoja hubeba lake zima.

Mpaka hapa nimesema habari ya mtoto. Ningependa sasa niseme na wakusanyaji wenzangu kwa lugha ya manufaa yao wenyewe, kwa kuwa najua wapo ambao habari ya mtoto haiwagusi.

Hebu tujiulize, kwa nini vigari vya zamani vina thamani? Mwaka 2008 gari dogo la mizigo la Dinky, lililotengenezwa katika miaka ya 1930 na kuandikwa jina la W. E. Boyce ubavuni, liliuzwa mnadani huko Uingereza kwa pauni 19,975. Lilipokuwa jipya lilikuwa kitu cha peni chache. Ni nani aliyelipandisha? Si mlanguzi aliyelifungia kabatini. Ni watoto. Walilivuta na kuligonganisha, wakalisahau kwenye mvua, wakalikanyaga, mpaka mengi ya aina yake yakatoweka duniani na lile likanusurika. Na watu wanaoyagombania magari ya Dinky mnadani ni watu ambao yaliwahi kupita mikononi mwao au mwa baba zao. Walitoa pesa kununua utoto.

Sasa chukua hivi vya leo. Kila kimoja kimefungwa katika plastiki yake, hakijaguswa, na kimewekwa kwenye boksi juu ya boksi jingine katika gereji ya mtu anayesubiri bei ipande. Hakuna kinachovunjika wala kupotea. Baada ya miaka arobaini vyote vitatoka siku moja vikiwa vizima na vipya, na hapo tutajua kwamba idadi ndogo ambayo haijapungua hata kimoja si ndogo. Na nani atavinunua? Mtoto wa leo aliyefika kwenye rafu iliyochujwa, akarudi mara tatu na kukata tamaa, hatakuwa na utoto wa kuununua. Mlanguzi anakula mbegu. Anatamba kwa shibe ya mwaka huu, na shamba la mwakani hana.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani walipatwa na homa ya wanyama wadogo wa kitambaa walioitwa Beanie Babies. Kampuni ilikuwa ikitangaza kwamba aina fulani haitatengenezwa tena, nao watu wazima wakivinunua kwa mafungu na kuviweka kama hati za nyumba. Mwaka 1999, huko Las Vegas, mume na mke waliotalikiana waliamriwa na mahakama wagawane wanyama wao, wakachuchumaa sakafuni mbele ya hakimu na kuchagua kimoja kimoja. Muda si mrefu bei zikaanguka. Waliokuwa wameviweka kwa ajili ya ada za vyuo walibaki na magunia ya vitambaa visivyopata kukumbatiwa na mtoto hata mmoja.

Sisi tuliokulia huku tuna jambo la kusema katika mjadala huu, ingawa hatuna viwanda vya vigari. Tulikuwa na magari yetu. Tuliyasuka kwa waya, magurudumu tukayakata katika kandambili zilizochoka, na usukani mrefu tukaufikisha kifuani ili tuyaendeshe huku tukikimbia. Yalikuwapo mazuri na mabaya, na mwenye gari zuri alisifiwa mtaa mzima. Lakini sifa yake ilikuwa ya mikono yake. Uchache wa gari zuri ulitoka katika ustadi, haukutoka katika kumzuia mwingine asiokote waya. Aliyetaka lake aliketi chini ya mwembe akasuka. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba hamu ya kumiliki kitu adimu ni lazima imfanye mtu afunge njia ya mwenziwe.

Kadhalika tusisahau kisa cha Matchbox. Inasimuliwa kwamba Jack Odell, fundi wa London, alimtengenezea binti yake gari dogo la kushindilia barabara kwa sababu shule ya mtoto huyo ilikataza kitu chochote cha kuchezea kisichoenea ndani ya kiberiti. Ndipo mwaka 1953 zikaanza kuuzwa bidhaa zenye jina hilo. Kazi ambayo sisi watu wazima tunaigombania leo ilianzia katika mfuko wa sare ya shule.

Basi tufanye nini? Sitaki sheria wala polisi. Mambo haya ni madogo mno kwa polisi, na polisi ni wakubwa mno kwa mambo haya. Dawa iko mikononi mwetu, kwa kuwa mlanguzi hawauzii watoto. Anatuuzia sisi. Siku tutakapoacha kununua atabaki na katoni lake na deni lake. Napendekeza mambo matatu kwa kila kikundi cha wakusanyaji. Kwanza, asiwepo mwanachama wa kununua toleo jipya kwa bei iliyozidi ya dukani mpaka mwaka mmoja upite tangu litoke. Pili, mwenye kupata viwili ampe mwenziwe kimoja kwa bei aliyonunulia, nauli ikiwa juu ya anayepelekewa. Tatu, tuwaombe wenye maduka waweke kikomo cha vigari vichache kwa mtu mmoja, na wafungue makatoni mchana, watoto wakiwa macho.

Najua watakaocheka. Watasema kwamba wakusanyaji ni watu wa tamaa na hawataweza kuvumilia mwaka mzima. Yamkini. Hata hivyo mtu aliyemtafuta kifaru wa plastiki kwa miaka hashindwi kusubiri miezi kumi na miwili.

Na wewe ndugu unayelangua, nami nikikujua kwamba si mtu mbaya, nina swali moja tu kwako. Ulipokiondoa kile kigari rafuni usiku na kukirudisha mbele yetu jioni kwa bei mpya, ulikiongezea nini? Ukinipa jibu nitalilipa kwa bei yako.